Taa Isiyoona Vidole

Watu wakisikia kwamba nilikuwa nachambua kahawa, hudhani nilikuwa nimekaa tu. Kweli nilikaa. Unaketi mezani asubuhi, kahawa iliyokobolewa imemwagwa mbele yako, na unaanza kutoa mbaya moja moja: punje nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, ile yenye rangi ya kutia shaka. Nzuri unazisogeza mbele, mbaya unaziweka kando. Anayetazama kutoka mlangoni ataona wanawake waliojifunika vitenge, wameinama, hawafanyi lolote. Vidole vyetu havionekani kutoka mlangoni.

Kazi ile haitaki nguvu wala kisomo. Inataka macho. Mimi nilizaliwa Itaka, kwenye kahawa, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua punje iliyooza kwa kuitupia jicho tu. Kwa hiyo nilipopata kazi pale ghalani Mpemba, kando ya barabara kuu ya malori, nilijiona nimeajiriwa kutazama. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa jembe langu. Ndiyo yaliyomsomesha binti yangu pia, maana baba yake alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha upande wa pili, akayapata, ila hakurudi nayo.

Binti huyo ndiye anayeandika haya. Mimi nasema, yeye anaandika, na kila baada ya muda ananikatisha kwamba Kiswahili changu kimejaa Kinyiha. Nimemwambia akinyooshe anavyotaka, mradi asiniongezee upole ambao sikuwa nao.

Utaratibu wa ghalani ulikuwa huu. Kila mchambuaji alikuwa na gunia lake. Likijaa, msimamizi alichota sampuli, akaimwaga kwenye karatasi nyeupe na kuitazama. Akikuta mbaya zimezidi, gunia lilirudi mezani kwako mbele ya wenzako wote, unalianza upya. Hakugomba wala hakutukana. Ila aliyerudishiwa mara kwa mara, msimu mpya ulipofunguliwa hakupigiwa simu. Ndivyo tulivyokuwa tunafukuzwa, kwa simu kutolia. Nilikuwa nimewaona waliokaa nyumbani wameishika simu mkononi mpaka msimu ukaisha, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hilo halitanipata.

Jengo halikuwa na madirisha, kwa hofu ya wezi, hivyo taa ziliwaka tangu asubuhi. Na ziliwaka hovyo: stoo ambako hakuna mtu, chooni mchana kutwa, ukumbini hata tukiwa nje tunakula. Uniti za umeme zilikwisha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mwenye ghala akamlalamikia msimamizi, msimamizi akaleta fundi, na fundi akafunga taa zinazojiwasha zenyewe mtu anapopita na kujizima pakiwa pametulia. Pembeni ya kila taa alibandika kidude cheupe, kidogo kama nusu ya yai. Sisi tukakiita jicho.

Sitasema uongo, nilifurahi. Mimi nyumbani ni mkali wa swichi. Binti yangu anajua, akitoka chumbani akaacha taa, atasikia sauti yangu kabla hajafika jikoni. Niliona hatimaye ghala limepata akili. Siku ya kwanza tulikuwa kama watoto, tunakwenda chooni bila haja ili tuone taa ikituwakia. Jirani yangu wa mezani, mama wa Kiislamu aliyetoka Kondoa na mume wake dereva wa malori, alisimama mlangoni mwa choo, taa ikawaka, akaweka mkono kiunoni.

"Shoga," akaniambia, "hata mume wangu hajawahi kunipokea hivi."

Tulicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini. Baadaye tukarudi mezani, tukainamia kahawa, kila mtu akazama kwenye kazi yake. Taa ikazima.

Tulidhani umeme umekatika. Mwenzetu mmoja akainuka kwenda kuuliza, na alipopiga hatua tu, taa ikawaka. Akarudi, akaketi, tukainama. Ikazima tena. Ndipo tukaelewa. Lile jicho lilikuwa juu sana, karibu na bati, na lilijua mwendo wa mguu na wa mkono mzima, basi. Vidole halikuviona. Tukiwa katikati ya kazi, tena kazi ya kututoa jasho, jicho liliona ukumbi mtupu.

Tulitafuta namna, kama wanawake wanavyotafuta namna. Tuliweka ungo mtupu katikati ya meza na kupeana zamu. Mwenye zamu alitakiwa kuunyanyua ungo juu ya kichwa na kuupepea kila taa inapozima, wengine waendelee. Waliokuwa wanakwaya kati yetu walileta njia yao, wakaimba pambio wakiyumba mabega, na kweli taa ilikaa. Mama wa Kondoa alisema yeye haimbi pambio za watu, atapunga ungo zamu yake ikifika na thawabu zetu hazitaki. Wiki za mwanzo zilikuwa na raha yake.

Tulimwomba msimamizi amrudishe fundi. Alikuwa kijana mstaarabu, alituita mama zangu, na hakuwahi kutunyanyasa. "Mama zangu, umeme umepungua sana, bosi amefurahi," alisema. "Kupunga mkono ni mazoezi. Mnakaa mno." Kusema kweli kwa stoo, korido na choo hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa pale mezani tu, na pale mezani ndipo nilipokuwa mimi.

Kwa sababu gunia langu likaanza kurudi.

Mara ya kwanza nilidhani limechanganywa na la mtu mwingine. Nikabisha. Msimamizi akaimwaga sampuli kwenye karatasi yake nyeupe, akasogeza kidole, na zilikuwepo kweli, punje nyeusi, nyeusi ti, za aina ambayo nilikuwa nazitoa Itaka nikiwa na meno ya utoto. Uso uliniwaka. Nikasema ni taa. Kila mtu mezani akasema ni taa. Na hapo ndipo nilipopotelea, ndani ya neno hilo ambalo sote tulikuwa tunalisema.

Maana wote tulilalamika. Mmoja alisema macho yanamwasha, mwingine kichwa kinamgonga, mwingine anaona vinyota taa ikiwaka ghafla. Nami nikasema yangu yanachelewa. Taa ikirudi, nilikaa kwanza, nikasubiri meza ijitokeze polepole, halafu ndipo nianze. Nilidhani wote wanasubiri. Sikuwahi kuinua uso kuwatazama kama wanasubiri, kwani anayechambua haangalii wenzake, anaangalia kahawa. Kama tungekuwa na taa za kawaida, ningejiuliza mapema kwa nini mimi ninaona giza na wao hawalioni. Lakini giza lilikuwa la wote, limefungwa na fundi, na sote tulijua limetoka wapi.

Nikiwa nyumbani pia nililaumu taa. Nilimimina chai pembeni ya kikombe, nikasema balbu ya humu ndani hafifu. Nilijigonga bega kwenye mwimo wa mlango wangu mwenyewe, mlango niliopitia miaka yote, nikasema nimechoka. Jirani akaja kulalamika kwamba siku hizi nina maringo, napishana naye sokoni simsalimii. Nilimwambia sikumwona. "Nilikuwa ubavuni kwako," akasema, na akaondoka amenuna. Mimi nikanuna zaidi yake.

Nilikwenda Tunduma mjini, karibu na mpaka, kwa yule mchuuzi anayetembeza miwani kwenye ubao. Alinidhania ni wa upande wa pili. "Bamayo, jaribu hii," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kule, akinipa moja baada ya nyingine. Zote zilikuza herufi za kipande cha gazeti alichonishikisha. Hakuna iliyoongeza pembeni. Sikujua hata kulisema hivyo wakati huo, nilijua tu kwamba naona kile ninachokitazama, na kilicho kando yake hakipo. Nilinunua iliyokuwa nyepesi puani.

Binti yangu alisema, "Mama, twende hospitali." Nikamjibu kwa hasira kwamba hospitali hawatibu taa za watu. Hapa ameacha kuandika, ananiangalia. Ninajua ananiangalia, nasikia kalamu imenyamaza. Andika, mwanangu.

Gunia likarudi tena, na tena. Nilipokuwa njiani kwenda kazini nilihesabu wanawake ambao msimu uliopita hawakupigiwa simu, nikajaribu kukumbuka walianza vipi. Niliogopa ile karatasi nyeupe kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na mimi nimejifungua peke yangu usiku wa mvua. Nikichambua, nilizungusha kichwa kama kuku ili meza yote ipite mbele ya macho. Jioni shingo iligoma. Niliomba. Sikuomba uzima, nilimwomba Mungu azing'oe taa zile.

Siku moja niligusa mkono wa mama wa Kondoa ukiwa upande wangu wa meza. Alikuwa anatoa punje mbaya kwenye lundo langu, zile nilizokwisha kuzipitisha. Sijui alikuwa amefanya hivyo kwa muda gani.

"Unanichunguza?" nikamuuliza.

"Nakusaidia, shoga."

"Nani amekuomba?"

Aliurudisha mkono wake. Siku ile nzima aliinamia lundo lake bila utani, yeye ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli. Sampuli yangu ya jioni ikawa mbaya kuliko zote. Msimamizi alinitazama tu na kuandika jina langu mahali. Nilijua maana yake.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Nilijiona ninaondolewa kazini na kidude cha plastiki ambacho hakinijui. Kesho yake niliwakusanya wenzangu kabla hatujaketi. Nikawaambia tunaonekana wavivu, tunarudishiwa magunia, na msimu ujao hakuna atakayepigiwa simu, kisa taa. Nilisema kwa ukali mpaka sauti ikapasuka. Tukaenda ofisini wote, mimi mbele.

"Mwanangu," nilimwambia msimamizi, "wewe ungeweza kuandika huku mtu anakuzimia taa?"

"Hapana, mama."

"Basi sisi tunaandika kwa vidole kutwa nzima, na hilo jicho lenu halivioni. Acheni taa zenu stoo, acheni chooni, tunajua umeme una gharama. Pale mezani tu. Tunaomba mwanga usiozima."

Akashusha pumzi. Akasema fundi alishamwambia tangu mwanzo kwamba taa za mezani zinaweza kurudishwa kwenye swichi, ila yeye ndiye aliyetaka zote ziwe za aina moja. Akampigia fundi tukiwa tumesimama pale pale. Siku ile ile fundi akapanda ngazi, akang'oa jicho la juu ya meza zetu mbili, akabonyeza swichi, na taa ikawaka kama taa za zamani. Wanawake wakapiga vigelegele. Walinikumbatia. Mama wa Kondoa naye akaja, akanishika mabega, akaniambia, "Shoga, una kichwa kigumu kama jiwe la kusagia," na nikajua tumepatana. Ungo ule mtupu tuliuweka chini ya meza. Usiku ule nililala vizuri, na nilikuwa nimesahau kulala vizuri kunavyokuwa.

Asubuhi yake nilichambua kwa furaha. Nilijitahidi, nikazungusha shingo yangu, nikajiambia sasa utaona. Mchana tulitoka nje kula. Jua lilikuwa kali, lile jua la kabla ya mvua za kwanza, na malori yamepanga foleni barabarani yakimeremeta. Tulikula, tukanawa, tukarudi ndani. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Mbozi. Niliipapasa meza, nikapata kiti changu, nikaketi.

Taa ilikuwa imezima.

Nilicheka kwa hasira. Fundi gani huyu, kazi ya jana imekwisha haribika leo. Nilisubiri mwenye zamu. Hakuna aliyejishughulisha. Nikakumbuka kwamba zamu tuliivunja jana, basi nikauchukua ungo kutoka chini ya meza nikaupunga juu ya kichwa. Giza. Nikapunga tena kwa nguvu. Nikasimama, nikaupepea kwa mikono miwili, huku na huku, upepo wake ukinirudia usoni.

"Mmelala?" nikawauliza. "Hakuna hata mmoja wa kunisaidia?"

Hakuna aliyejibu. Na katika kimya kile nikasikia kitu ambacho nilikisikia kila siku maishani mwangu pale bila kukisikiliza. Tik, tik, tik. Punje za kahawa zikigonga mbao, moja moja, kwenye meza ya pili, ambako walikuwa hawajanitazama bado. Walikuwa wanachambua.

Nani anachambua gizani?

Ungo ukawa mzito. Nilisikia tik, tik zile zikipungua, moja baada ya nyingine, kila aliyeinua uso akiacha kazi, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza. Mkono ukanishika kwenye kiwiko, taratibu, na nikaijua harufu ya udi kwenye mtandio wake.

"Shoga," alisema mama wa Kondoa. "Taa inawaka."

"Imewaka sasa hivi?"

"Haijazima tangu asubuhi."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka aseme anatania, yeye ambaye alitania kila kitu. Badala yake aliuchukua ungo mikononi mwangu na kunikalisha, akanifunika begani kwa khanga yake. Polepole meza ikajitokeza, kipande cha duara mbele yangu, kidogo kama mdomo wa kikombe. Ndani yake kulikuwa na kahawa, na mwanga mweupe, mwingi, mwanga ambao nilikuwa nimeupigania mimi mwenyewe.

Mama wa Kondoa na binti yangu walinipeleka Mbeya, kwenye kliniki ya macho. Walinitia dawa, wakanipima kwa mashine inayopuliza upepo jichoni, wakanikalisha kwenye benchi, kisha nikaitwa. Daktari alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya upole, na upole wake ulinitisha. Alisema ni presha ya macho. Haiumi, alisema, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na mtu hashtuki mpaka imebaki sehemu ndogo. Macho ya hivyo yakitoka juani huchelewa kuona ndani, hata taa ikiwaka. Iliyopotea hairudi. Dawa ni ya kulinda iliyobaki. Akaniuliza ilianza lini kunisumbua, nikamwambia habari za taa za ghalani, zote, kuanzia kucheka chooni mpaka ungo. Hakunicheka. Mama wa Kondoa alikuwa amesimama ukutani nyuma yangu, nikamsikia anavuta kamasi.

Daktari akasema anataka kuona imebaki kiasi gani. Aliketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Akaniambia nizibe jicho moja, nimtazame puani, nisigeuze kichwa.

"Nitachezesha vidole hapa pembeni," akasema. "Ukiviona, niambie."

Nikamtazama puani. Nikasubiri. Niliiona pua yake vizuri kabisa, na kipini kidogo alichokivaa. Nilisubiri sana, nikifikiri bado hajaanza, na sikutaka kumharakisha mtu aliyesoma.

"Unaviona, mama?"

"Bado. Vidole ni vidogo, daktari," nikamwambia. "Punga mkono wote."

"Naupunga, mama," akasema.